Ngozi Mbichi kwenye Bawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa panga, nikaambiwa nikakate mianzi juu ya Meru. Zilikuwa zama za Wajerumani, kwenye shamba la mlowezi mmoja upande wa Kikatiti. Tulimwita Bwana Mhandisi. Alikuwa na injini ndogo iliyoletwa kwa meli, na nia moja tu: kuunda ndege nyepesi kwa mikono yake. Kwa mikono yetu, niseme kweli.

Ninyi mafundi wa leo mmezoea misumari na skrubu. Mwanzi ukiupiga msumari unapasuka. Kwa hiyo mbavu za bawa, yaani vijiti vinavyolipatia bawa umbo lake, tuliziunga kwa kamba, na kila siku kamba zililegea. Bwana Mhandisi alitukana, nyapara akachapa. Mgongo wangu unakijua kiboko chake.

Fundi mkuu alikuwa Salehe, mtu wa Pangani, mwembamba na mcheshi, aliyenifundisha kushika randa na patasi. Hata yeye alishindwa na viungo vile. Mimi ndiye niliyesema, "Bwana Mkubwa, kwetu tunafunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Ikikauka inabana kuliko chuma."

Nikafunga kiungo kimoja, tukakianika. Kilipokauka Bwana Mhandisi alining'inia juu yake mwenyewe, na unene wake wote, kisitikisike. Siku hiyohiyo nikaitwa fundi. Sikumwambia nusu ya pili, ambayo kwetu kila mtoto anaijua: ngozi hiyo ikilowa hulegea. Sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. Salehe alikulia kwenye kamba za makumbi ya nazi, asingeweza kujua.

Kiangazi chote ndege ilisimama imara. Tuliivisha kitambaa, tukakipaka uji wa wanga ili kikaze. Lakini injini ikashindwa kumwinua Bwana Mhandisi. Akatutazama mmoja mmoja, kidole kikaishia kwa Salehe.

"Wewe mwepesi. Utaruka wewe."

Alimfundisha usukani kwa majuma mengi ya masika, ndege ikiwa chini ya paa la karakana. Wakati huo baridi ya Juni ikaingia, na ule ukungu unaolowesha nguo bila mvua.

Desturi ya karakana yetu ilikuwa kwamba aliyefunga ndiye anayekagua. Asubuhi ya kuruka nikapitisha mkono kwenye viungo vya bawa la kushoto, upande wa chini usio na kitambaa. Ngozi ilikuwa laini kama utumbo.

"Viungo tayari?" aliuliza Bwana Mhandisi. Nyapara alisimama nyuma yake.

Salehe hakuwatazama wao, alinitazama mimi. "Umefunga mwenyewe, mdogo wangu?"

"Mwenyewe, Fundi."

"Basi nina wasiwasi gani?" Akacheka, akapanda.

Nikasema, "Tayari, Bwana Mkubwa."

Ndege ilikimbia, ikanyanyuka, ikapita juu ya paa la ghala. Kisha bawa la kushoto likajikunja. Tulimtoa Salehe chini ya injini akiwa ameshakata roho.

Bwana Mhandisi alilaumu injini, na watu wakamlaumu Bwana Mhandisi. Mimi nilichonga mbao za mwanandani, zile zinazomkinga maiti na udongo kaburini. Nilizipiga randa vizuri mno, nikilia. Mke wa Salehe akanishika mkono.

"Ahsante, shemeji. Alikuamini kuliko wote pale."

Nikainama, nikaendelea kupiga randa.

Baadaye nilifanya kazi chini ya Waingereza, nikapanda mpaka msimamizi wa karakana, nikastaafu nyumbani Kimandolu. Vijana wanaokuja kunipa shikamoo huniuliza habari za ile ndege, na miaka yote nimewajibu kwamba injini ilikuwa mbovu. Injini ilikuwa nzima. Niliogopa kiboko, lakini niliogopa zaidi kuvuliwa jina la fundi. Ningesema neno moja tu, tungengoja jua.

Mke wa Salehe hakurudi Pangani. Kila Idi alimtuma mtu aniletee sahani ya pilau, mpaka mwaka aliofariki. Kila mara niliila nikaimaliza.