Viwango vya Ng'ambo, Shamba la Atuganile

Siku Atuganile alipofyeka migomba ya marehemu mumewe, Masukulu nzima ilisema karogwa. Mnyakyusa na kufyeka migomba? Si bora angeezua nyumba! Lakini kampuni ya parachichi ilikuwa imemtuma Prosper, kijana wa Ibighi mwenye maneno laini kama mlenda, akasema viwango vya Ulaya vinataka parachichi zisimame peke yake. Mama akafyeka. Tangu hapo ndizi za kupika akawa ananunua sokoni Tukuyu, kama mwalimu mgeni.

Msimu huu parachichi zimeinamisha matawi, na gari la kampuni halionekani. Prosper alikuja na bodaboda, mikono mitupu.

"Shikamoo mama."

"Gari liko wapi?"

Salamu ikabaki hewani. Huku Rungwe mambo yakifika hapo, mgeni mwenye akili anaaga.

"Mama, mnunuzi wetu ni Mwingereza, anauza kwao na Ulaya, na Waingereza walijitoa Umoja wa Ulaya. Zamani mzigo ulikaguliwa mara moja, ukaenda kote. Sasa Ulaya wana ukaguzi wao, Uingereza wana wao. Gharama mara mbili. Kampuni imeona ibaki na mashamba makubwa."

"Nilijitoa mimi?"

"Hapana, mama."

"Nilipiga kura huko?"

"Hapana."

"Sasa mbona wameachana wao, na njaa inalala kwangu?"

Prosper akacheka. Hapo ndipo alipojichongea. Tena akaongeza kwamba labda gari litakuja mwakani, ila mama asiguse chochote, shamba lisije likapoteza kiwango.

Atuganile akazunguka nyuma ya jiko, akarudi na jembe na machipukizi ya migomba aliyoomba kwa shemeji yake anayeishi Masoko. Jembe akamtupia Prosper miguuni.

"Chimba. Hapo katikati ya parachichi."

"Mama, hii ni kinyume cha viwango."

"Vya nani? Vya walioachana au vya walioachwa? Ulinifyekesha, utanipandia."

"Lakini viatu vyangu..."

"Vua!"

Akavua. Majirani wakajaa uzioni, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Atuganile hakucheka. Alikuwa anampigia simu Shamsia, mchuuzi wa matunda sokoni.

"Lete wachumaji leo. Ndiyo, kwa hiyo hiyo bei yako ya kunilalia. Ukichelewa nawapa nguruwe."

Akakata simu, akachungulia kazi ya Prosper.

"Hilo ni shimo au umekuna ardhi? Ongeza kina!"