Kitanda Alichonikataza Mama Kukiacha

Siku ya kwanza chuoni Mbarara, hapa Uganda, walitukusanya ukumbini kutueleza mahali tunapoweza kulala. Aliyepata nafasi angekaa hosteli ya chuo, ndani ya ua, ambako kuna mlinzi getini na matroni anayefunga mlango mkuu jioni. Wengine wangetafuta hosteli za watu binafsi zilizojipanga nje ya geti, au muzigo huko mitaani, maana ndivyo wanavyoita huku chumba kimoja cha kupanga, ambacho unajipikia na kujilinda mwenyewe. Sisi wachache tuliotoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa ufadhili hatukuulizwa. Wafadhili walitaka tulale ndani ya chuo. Nilipewa ufunguo, nikapanda hadi ghorofa ya pili, nikafungua chumba chenye vitanda viwili na dirisha la vioo lililotazama migomba ya watu.

Nilikuwa nimelala chini tangu utoto wangu, tangu tulipovuka mpaka kutoka Kivu ya Kusini. Nyumba yetu ya Nakivale ilikuwa ya udongo, imefunikwa turubai. Tuliishi wawili tu. Baba aliuawa kwetu Kongo, siku mlango wetu ulipovunjwa. Mama hakuwahi kunisimulia. Nilijua kwa jinsi alivyosukuma gunia la maharagwe hadi mlangoni kila jioni, hata miaka ambayo kambi ilikuwa shwari kabisa.

Jioni ile alinipigia kwa simu ya jirani yetu, mama mmoja Mrundi.

"Unalalaka fasi gani?" akauliza.

"Ku etaje, mama, juu ghorofani. Kitanda cha chuma, na godoro."

"Mulango inafungwa?"

"Inafungwa na ufunguo."

"Na chini kuko mulinzi?"

"Kuko."

Kisha nikamsikia akimwambia jirani, kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi: "Mutoto wangu analalaka ku etaje, na mulinzi eko chini!"

Mwaka haujaisha, yule jirani akanipigia mwenyewe. Mama alikuwa akiuza nyanya sokoni Misiera, hapo kambini, na wateja walikuwa wameanza kumcheka kwa sababu alipanga zilizooza juu ya zile nzuri.

"Jana nilisimama mbele yake nikamsalimia," jirani alisema. "Akanijibu akiangalia pembeni. Mama yako haoni, mwanangu."

Nilimchukua nikampeleka hospitali ya misheni ya Ruharo, mjini Mbarara. Daktari alikuwa mtu mpole, aliongea taratibu ili nimtafsirie mama. Alisema ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lingeweza kushikiliwa kwa dawa ya matone kila siku, na kwa kurudi kupimwa mara kwa mara.

"Kilichopotea hakirudi," alisema. "Tunachunga kilichobaki."

Mama aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa habari za mvua.

Alitakiwa kukaa Mbarara majuma kadhaa, na sikuwa na pa kumlaza ila kitandani mwangu. Nikaenda kwa matroni. Niliyeishi naye chumbani, msichana Mnyankore, mwenyeji wa huko, alinisindikiza, na ndiye aliyeanza kuongea.

"Matroni, maama alale kwa kitanda yangu. Mimi nitaenda kwa shangazi."

Matroni alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa. Hakuwa mtu mbaya. "Mimi nasikia huruma," alisema. "Lakini mgeni hapana lala hapa. Mchana, sawa. Jioni anatoka. Nikifungulia mmoja, kesho hosteli yote iko na wageni."

Mama alipokelewa na mke wa askari mmoja, muumini wa kanisa letu, aliyekaa karibu na kambi ya jeshi ya Makenke. Chumba chake kilikuwa kimejaa watoto, hata hivyo alitandika mkeka. "Hapa sisi wote tunaongea Kiswahili, mama, usiogope," alimwambia. Mama alilala kati ya miguu ya watoto, na kila nilipofika asubuhi kumwekea matone nilimkuta ameshaketi ukutani, amejikunja asimsumbue mtu.

Sikuweza kuendelea kutazama hali ile. Nilitafuta muzigo mteremkoni, chini ya kambi ile ya jeshi, nikazungumza na mwenye nyumba. Wafadhili wangeudhika, lakini nilikuwa tayari kurudisha ufunguo wa hosteli mwisho wa juma. Nilipomwambia mama, hakukataa wala hakukubali.

"Nipeleke kwanza nione fasi unalalaka," alisema.

Tulikwenda mchana. Alipanda ngazi akishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Chumbani, aliyeishi nami alikuwa amemwandalia chai ya maziwa. Mama hakuketi. Alipapasa ukuta, akapapasa kitanda, akaligonga dirisha kwa ukucha. Kisha akafika mlangoni, akaugusa ufunguo. Akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, uso wake umeinamia kitasa kama mtu anayesikiliza. Ndipo akaja kukaa kando yangu.

"Hautatoka humu," alisema.

"Mama, nani atakuwekea dawa?"

"Jirani ataniwekea."

"Jirani ana shamba lake, ana watoto wake. Na mimi nimeshaongea na mwenye nyumba."

"Hiyo nyumba yake, mulango ni ya nini?"

Sikutaka kujibu. "Ya bati."

"Mulango ya bati mutu anaipiga teke mara moja tu. Mimi nimeona. Wewe ulikuwa mutoto, haukuona." Sauti yake haikupanda. "Kama unatoka humu, mimi dawa siweki. Macho ni yangu."

Msichana Mnyankore hakuelewa maneno yote, lakini aligeukia dirisha, nikaona mabega yake yanatikisika. Chai ilipoa bila mtu kuinywa.

Basi mama akarudi Nakivale, nami nikabaki hosteli. Mwanzoni alikuja kila alipotakiwa kupimwa, nami niliacha vipindi nikampokea stendi na kumpeleka Ruharo. Siku moja nilikosa mtihani kwa sababu hiyo, na akasikia. Tangu hapo akawa ananiambia kwa simu kwamba amepata mganga wa zahanati hapo kambini, anampa matone, hana haja ya kuja.

"Na unaona?"

"Naona muzuri! Leo nimeona kuku ya jirani inaingia mu maharagwe yangu." Akacheka, na mimi nikacheka, nikaenda darasani.

Likizo ndefu ilipofika nilishuka Misiera mchana, nikatembea hadi nyumbani na mkoba wangu. Mama alikuwa amekaa nje kwenye jua, anachambua maharagwe kwa vidole. Nilisimama mbele yake nikitabasamu, nikingoja anione.

Aliinua uso. "Ni nani?" akauliza.

Nikasogea hatua moja.

"Karibu," akasema tena, kwa adabu, kama mtu anavyomkaribisha mgeni. "Ni nani? Ikala." Akapiga mkeka kwa kiganja, akinionyesha pa kukaa.

"Mama."

Mikono yake ikasimama ndani ya ungo. Kisha aliniuliza tu kama nimekula njiani.

Jirani alikuja amejiziba mdomo kwa kitenge. Hakukuwa na mganga yeyote wa matone. Chupa ya mwisho kutoka Ruharo ilipokwisha, mama hakurudi kuchukua nyingine, kwa sababu kila safari ilinitoa darasani. "Alinikataza kukuambia," jirani alisema, analia. "Aliniapisha kwa Bikira Maria. Yeye Mprotestanti, lakini alijua mimi Mkatoliki siwezi kuvunja."

Nilitupa mkoba chini, nikampigia mama kelele ambazo sikuwahi kumpigia maishani. Alingoja nikaishiwa pumzi.

"Uliikala mule, mu hosteli?" aliuliza.

"Niliikala."

"Basi," alisema, akarudi kwenye maharagwe yake.

Nilimaliza chuo. Siku ya mahafali nilimshika mkono, akasimama juani akigusa joho langu toka begani hadi chini, anataka kujua rangi. Sasa nafundisha shule moja hapa Nakivale, na naishi naye. Anapika mwenyewe, hataki kusaidiwa, na anajua kila jiwe la njia ya kanisani.

Juzi alikuja mgeni, mtu wa kwetu aliyehamia hapa karibuni. Mama alikuwa akimwelezea habari zangu. "Ni kasichana kembamba," alimwambia, "nywele fupi kama mwanafunzi. Utamujua tu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mwili wangu umeshajaa, nywele nimesuka. Yule mgeni alinitazama, akafungua mdomo. Nikamfanyia ishara anyamaze.