Komeo la Nje

Kabla hamjamchukia shemeji yangu, fundi seremala, jueni kwamba alikuwa mtu mwema. Mdogo wangu aliponiletea habari zake nilimwambia, "Hapo hapo, usibanduke." Tunapanga vyumba vya ukuta mmoja, kwa hiyo sisimuliwi. Mdogo wangu alikuwa akirudi kutoka kiwanda cha sabuni amechoka hoi, anakuta mume ameshapika, nami nawasikia wote wawili wanacheka.

Mdomo ndio uliomponza. Karakanani mafundi hula pamoja mchana, kila mmoja na kibakuli chake. Siku moja mwenzao akaonja maharage yake, akasema, "Shemeji yetu anajua kupika!" Naye akajibu, "Nimepika mimi."

Pale kila fundi ana msumari wake ukutani wa kutundikia koti. Kesho yake alikuta wake umetundikwa aproni ya kike yenye maua. Akaivaa, akakata kiuno, watu wakavunjika mbavu. Alinisimulia mwenyewe akicheka. Lakini aproni haikuondoka, na jina la Mama Jiko likamganda hadi kwa wateja. Watu wazima wenye mvi hao, wana wajukuu!

Aliyeanzisha mzaha huo ni mkubwa wa karakana. Namjua tangu ujana. Aliwahi kuchapwa na baba yake kwa kukutwa ameshika ufagio, na dada zake wakamfulia mpaka siku anaoa. Samaki alikunjwa angali mbichi, na sasa hataki kumwona mwingine amenyooka.

Kisha mama mkwe akaja kutembea, akamkuta mwanawe anapiga pasi sare ya mkewe. "Mwanangu, umeoa au umeolewa?" aliuliza. Akalia kabisa. "Mimi nilimvumilia baba yako na mikono yake, nikanyamaza, ili wewe uje kuwa mwanamume. Ndiyo malipo haya?" Shemeji akaiweka pasi chini. Sijamwona akiishika tena.

Mdogo wangu alipoteuliwa kuwa msimamizi wa zamu, awaamrishe wanaume, karakana ilijua kabla yangu. Angeanza Jumatatu. Wiki hiyo sikusikia kicheko ukutani, wala sufuria. Nilisikia hatua tu, huku na huku, za mtu asiyekaa.

Jumamosi shemeji akaleta mlango mpya wa mbao ngumu. Alisema ule wa zamani umeliwa na mchwa. Sikuuona mchwa wowote.

Mdogo wangu aliniita anionyeshe, anacheka. "Dada, njoo uone! Fundi mzima kakosea, komeo kaliweka nje!"

Mimi sikucheka. Mtu huyu hajawahi kukosea hata bawaba ya kabati. "Mwambie alihamishe leo," nikasema.

"Dada nawe! Wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga."

Jumatatu gari la kiwanda lilipiga honi nje. Likapiga tena, muda mrefu, kisha likaondoka. Nikatoka mbio. Shemeji alikuwa barazani ananawa uso, anapiga mluzi.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Anaumwa, shemeji. Amelala. Mwache apumzike." Akajifuta taratibu, akachukua msumeno wake, akaenda kazini.

Komeo lilikuwa limesukumwa hadi mwisho. Niliogopa, nasema kweli. Nikampigia simu mama yetu.

"Usiingilie ya mtu na mkewe," mama akasema. "Mwanamume akifunga mlango wake, ana sababu."

Nilimkatia simu mama yangu mzazi. Nikalivuta komeo, likateleza bila kelele, maana alikuwa amelipaka mafuta.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani na sare yake, vifungo vyote vimefungwa, mikono magotini. Hakuwa na jeraha. Hakuniuliza nimejuaje.

"Rudishia, dada," alinong'ona. "Akirudi akute kama alivyoacha."

Nikamsogezea viatu miguuni. "Vaa, tutakodi usafiri. Utachelewa kidogo tu."

Aliviangalia. Hakuvivaa.