Barabara Haikunjwi

Hapa Gitega siku hizi watu wanabishana kama barabara ipanuliwe au iachwe. Wanaotaka wanataja malori, wasiotaka wanataja nyumba zao. Ubishi huo niliusikia kwetu Muyinga, mwaka niliorudi nyumbani kutoka Tanzania, na hadi leo nikiukumbuka napigwa na butwaa.

Baba alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani kando ya barabara kuu. Ng'ambo yetu aliishi mama mmoja Mkongomani wa Kivu Kusini, muuza vitenge. Alikuja mkimbizi, na ile ndiyo nyumba ya kwanza aliyojenga tangu aiache ya kwao. Habari za upanuzi zilipofika, baba alifurahi kupita kiasi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alimwambia jirani.

"Bon, Papa fundi. Lakini huyu mgeni atalala mu nyumba ya nani? Mi nataka nitoe mabati yangu mbele wafike kubomoa."

Tulisikia upana utakuwa mita ishirini. Baba akachukua utepe wake wa kupimia nguo. Sasa, fundi hukunja kitambaa katikati, akapima nusu, na nusu ya pili hujifuata yenyewe. Ndivyo alivyoipima barabara. Alisimama katikati, akahesabu mita kumi kuelekea kwa jirani. Ukuta wa yule mama ulikuwa kwenye mita ya kumi na mbili.

"Iko mbili zinabaki, mama. We tulia."

Yule mama akatulia. Aliyaacha mabati juu, na chumba cha mbele akakisakafia kwa saruji.

Wapimaji walipokuja hawakusimama katikati. Walianzia karibu na mlango wetu, maana upande wetu kulikuwa na makaburi, na makaburi hayaguswi. Upanuzi wote ukaenda kwa jirani. Wakampigia ukutani alama nyekundu ya kubomolewa, rangi ikachuruzika hadi kwenye saruji mpya. Yetu haikuguswa.

Baba, mtu aliyewahi kubishana na imamu juu ya mwandamo wa mwezi, alikunja utepe wake akarudi kwenye cherehani. Nilimkasirikia. Papo hapo nilifurahi kwamba nyumba yetu imebaki, na furaha ile inanitisha mpaka leo.

Baada ya siku tatu jirani alivuka na kipande kikubwa cha turubai. Alitaka ashonewe mfuko wa kuhamishia vyombo. Baba alilitandaza mezani, akashika ncha mbili alikunje kama kawaida yake.

"Papa fundi," alisema yule mama polepole, "hii usikunje. Pima yote."

Baba akaliachia. Akapima kutoka pindo hadi pindo, akarudia. Mara ya tatu nilimsomea namba mimi, kwa sababu alikuwa hazioni tena.