Anakula ya Asubuhi

Nakumbuka adhuhuri moja ya kiangazi, na wewe ndiye uliyenikumbusha, maana leo nimekuona kwa macho yangu ukimchapa ng'ombe aliyelala kivulini anacheua. Eti, "Inuka, mvivu we!" Mwanangu, fimbo ile imenichoma mimi.

Enzi za ujamaa tulihamia kijiji kipya, huku upande wa Magoma. Dada yangu alikuwa amefariki kwa uzazi, akaacha kichanga ambaye hakuwa na chakula kingine ila maziwa ya ng'ombe mmoja mwekundu wa kijiji. Mimi nilikamua, bibi yangu akamnywesha.

Msimamizi wetu wa kazi tulimwita Bwana Firimbi. Akipuliza, majembe juu. Sikatai, kazi ilikuwa uhai. Lakini siku moja alikuta ng'ombe wamelala mchana, akapandwa na mori. "Kijiji hiki hakitaki kupe!" Tangu hapo ng'ombe wakawa wanaswagwa kutwa, wakijilaza tu, firimbi. Lo! Asiyejua maana haambiwi maana.

Maziwa yakapungua hadi kibuyu kikawa kinarudi na matone. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Na Bwana Firimbi je? Akatuma mtu kuuliza mbona chai yake haina maziwa! Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hata leo nikikumbuka damu inanichemka.

Adhuhuri hiyo bibi alinifuata malishoni, mtoto mgongoni. Yule ng'ombe mwekundu alikuwa amejilaza, na Bwana Firimbi anakuja mbio na fimbo. Bibi akaketi chini, akaegemea ubavu wa ng'ombe.

"Ondoka, bibi, huyu akale."

"Anakula."

"Anakula nini, na mbele yake hakuna hata jani?"

"Anakula ya asubuhi."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. "Huyu hali kama wewe," akasema. "Anang'oa majani kwa ulimi, anameza bila kutafuna vizuri. Yanalowa na kuchachuka katika tumbo lile kubwa la kwanza. Akishatulia anayarudisha mdomoni, donge kwa donge, anayatafuna upya, ndipo yanashuka kwenye matumbo mengine na kumpa nguvu na maziwa. Ukimwinua sasa umempokonya chakula mdomoni. Na huyu niliyembeba umempokonya pia. Haya, piga! Anza na mimi."

Fimbo ikashuka taratibu, bila kumgusa mtu. Aliondoka akinung'unika, wala hakuomba radhi. Watu wa aina ile hawaombi. Ila firimbi haikulia tena malishoni, na siku si nyingi kibuyu kikaanza kujaa.

Basi nisikilize. Ng'ombe mpe majani na maji, kisha mpe kivuli na muda, maana akilala ndipo kazi yake kubwa inapoanza. Nawe ukiona jambo usilolielewa, usikimbilie fimbo. Licheue kwanza, mwanangu. Haraka haraka haina baraka.

Na yule mtoto aliyekuwa mgongoni kwa bibi ndiye baba yako. Kama fimbo ile ingeshinda, nani angekuwa hapa leo anachapa ng'ombe? Nenda ukamtazame yule uliyempiga, umpelekee maji. Mungu akujaalie zizi lisilokauka maziwa, na mkono unaojua kutulia. Amina.