Mbwa Aliyeitwa Kamu

Kamugisha alimwacha mkewe kwa kutuma mtu. Hakuja mwenyewe. Alimtuma mdogo wake, Didas, aje kusema kwamba kaka amebaki Bukoba, ameoa mke mwingine, na shemeji asijisumbue kumngoja. Didas aliyasema hayo amesimama, akanywa maji, akaenda zake. Avelina akaapa kwamba jina la Kamu, alivyozoea kumwita mumewe, halitamtoka tena kinywani.

Akabaki peke yake kwenye nyumba yao ya Madale, wakati huo majirani wa kuhesabika na vichaka kila upande. Riziki yake ilikuwa Msasani, akifua nguo kwa mama mmoja Mzungu. Mama huyo alipohama nchi alimwachia mbwa wake, dume, mtu mzima kabisa, mwekundu, mkia umejiviringa kama kata ya kichwani, paji la uso mikunjo mitupu. Na habweki.

"Mzungu kasema aina yake ni basenji," Avelina alimwambia jirani yake Mwamvita, aliyesimama mbali, ng'ambo ya michongoma.

"Basi mshenzi, kama yule aliyekukimbia. Jina lake?"

Kule Msasani mama alikuwa akisema "Kamu!" na mbwa anakuja mbio. Katika majina yote ya duniani! Avelina akaamua kumwita "wewe".

Wewe hakula ugali, hakula dagaa. Alilala mlangoni, uso barabarani. Avelina hakuhitaji kuambiwa anamngoja nani.

Jioni moja mbwa akapenya kwenye michongoma, akashika njia kuelekea barabara ya malori ya mchanga. Avelina akatoka, mikono imejaa unga.

"Wewe! We mbwa!"

Hakugeuka. Lori lilishasikika kilimani.

"Kamu!" ikamtoka. "Kamuuu!"

Mbwa akasimama. Akageuka, akarudi mbio, akajisugua kwenye kanga yake huku akitoa sauti ngeni, kama mtu anayejaribu kuimba na koo limemkauka.

"Heee, mama Kamu!" Mwamvita alicheka mpaka akashika kiuno. "Huyu angalau kasikia!"

Dukani kwa Leodegar habari ilishafika. "Dada Avelina," alisema akimpimia sukari, "kamu ni Kizungu. Maana yake njoo. Siyo jina."

"Sasa jina lake nani?"

"Muulize Mzungu wako."

Mzungu alishapanda ndege. Hakumuaga hata mbwa wake.

Basi akabaki Kamu. Siku hizi anakula, kidogo kidogo, ila bado analala mlangoni uso barabarani, na Avelina hukaa hapo hapo akichambua mchele. Didas akipita na salamu, hazipokei. Si Didas anayedaiwa. Ni Kamugisha: aje kwa miguu yake, asimame mlangoni pale, aseme kwa kinywa chake, "Avelina, nimekuacha." Mpaka leo hajaja.