Sifuri kwa Swali la Jua

Daftari langu la jiografia linanuka. Linanuka mafuta ya mawese, jasho, na ule uchafu mweusi wa mende usiotoka hata ukiupangusa kwa kitambaa chenye maji. Nilirithishwa na mwalimu aliyenifundisha, siku alipostaafu. Hapa Kamina, mji wetu wa Kongo, ndivyo tunavyopokezana kazi. Unasimama mbele ya darasa, unasoma polepole, wanafunzi wanaandika, na siku ya mtihani unataka yarudi yale yale, neno kwa neno. Nilikuwa nikisahihisha huku karatasi iko kando ya daftari, kidole kimoja huku, kingine kule, na nilijiona mtu wa haki kabisa. Leo nikikumbuka vidole vile naona aibu.

Sura ya nne ilihusu jua na sayari. Daftari lilisema kwamba hapo kale jua lilikuwa peke yake. Nyota nyingine ikapita karibu nalo, ikalivuta, ukachomoka ulimi mrefu wa moto. Ulimi ukakatika vipande, vipande vikapoa, na kimoja kati ya hivyo ndicho Dunia tunayoikanyaga. Niliyapenda maneno hayo. Miaka kumi na minne niliyasoma kwa sauti ya padri anayesoma injili, na hakuna aliyeinua mkono.

Mwaka juzi, katika darasa la tano la sekondari, nilikuwa na binti wa mwanajeshi wa base, kambi ya jeshi iliyo hapa kwetu. Niseme ukweli wangu: watu wa base sikuwapenda. Sisi tuna mashamba ya babu zetu na makaburi yetu hapa. Wao waliletwa kutoka pande zote za nchi, leo wapo, kesho hawapo. Dharau hiyo niliingia nayo darasani kila asubuhi, na sikuona kuwa ni uchafu kama uchafu mwingine.

Kwenye mtihani wa mwisho binti huyo hakuandika habari ya nyota iliyopita. Aliandika kwamba kwanza kulikuwa na wingu kubwa la gesi na vumbi. Wingu likajikunja kwa uzito wake wenyewe, katikati pakabanana na kupata joto mpaka nyota ikawaka. Vumbi lililobaki likaizunguka, bapa kama ungo. Chembe zikashikana na chembe, zikawa mawe, mawe yakagongana na kukua mpaka yakawa sayari. Aliendelea hadi nyuma ya karatasi, jinsi nyota zinavyozeeka na vumbi lao linavyozaa nyota nyingine.

Vumbi! Lile tunalofagia uani kila siku ya kiangazi! Nikaweka sifuri, nikaizungushia wino mwekundu mara mbili.

“Hii umetosha wapi?” nikamwuliza mbele ya wenzake, nikitaka aseme alikoyatoa.

“Mu telefone ya baba, mwalimu. Njo vile bantu ba siyanse banasema sasa.”

Watu wa sayansi walinihusu nini? Nikainua juu daftari langu, lisiloshindwa na mtu: “Weye unajua kupita kaye?”

Darasa lote likacheka. Yeye hakulia. Alinitazama tu, nami nikaona kiburi pale ambapo hapakuwa na kiburi.

Siku tatu baadaye baba yake alikuja shuleni, amevaa gwanda lililopigwa pasi, Kiswahili chake kimechanganyika na Kilingala.

“Mwalimu, banatutuma ku Est, kule ku vita. Mutoto akipita, atabakia kwa tantine yake, dada ya mama yake, ku Lubumbashi, amalize masomo. Akikosa, tunaenda naye. Kule tunaenda sekondari haiko.”

Hakuomba kitu. Alitaka nijue tu. Lakini mimi nilisikia harufu ya rushwa inakuja, nikamwambia kwamba mimi sinunuliwi. Akavaa kofia yake, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Kisha ikaja siku ya walimu kukaa pamoja kuamua nani amepita. Tulikula nyama ya mbuzi huku tukisoma majina, vidole vikinata mafuta juu ya majina ya watoto wa watu. Yule binti alipungukiwa pointi mbili. Prefe, mkuu wetu wa masomo, akanigeukia.

“Mwalimu, hizi mbili tumupatie?”

Mdomo wangu ulikuwa umejaa nyama. Nilitikisa kichwa kukataa. Sikujisumbua hata kumeza kwanza. Wakapita kwenye jina lililofuata.

Wiki moja baadaye niliona mende wawili wakitoka katikati ya daftari. Nikalipeleka uani juani nilisafishe. Kwenye sura ya nne karatasi moja ilikuwa nene kuliko nyingine. Zilikuwa mbili, zimegandana kwa mafuta. Mafuta yalikuwa yangu mwenyewe, kwa maana nina tabia ya kula maharagwe juu ya kazi. Nikachukua kisu cha jikoni, nikaziachanisha taratibu. Ndani mlikuwa na mayai ya mende, na chini ya mayai, mwandiko wa mwalimu wangu, kwa wino mwingine, ule mwandiko wake wa uzeeni unaotetemeka: habari ya nyota iliyopita imekwisha kuachwa, usiifundishe tena. Chini yake aliandika mambo ya wingu, vumbi na nyota inayowaka katikati.

Mzee alikuwa amejifunza upya, akasahihisha kabla ya kunikabidhi. Mimi nikayamwagia masahihisho yake maharagwe.

Nilikimbilia kwa prefe. Hakuinua hata macho.

“Majina tulikwisha kuyasoma mbele ya bazazi ba batoto. Bulletin za matokeo tulikwisha kuzitia signature. Unataka watucheke?”

Nikaitoa karatasi ya binti kabatini, nikafuta sifuri, nikaandika kumi juu ya kumi na jina langu chini yake, nikapanda baiskeli. Njiani nilijiambia kwamba shule yoyote ya Lubumbashi itaiona karatasi hiyo na kumpokea. Nilikuta lori mbele ya nyumba yao, magodoro na masufuria yamekwisha kupakiwa. Nilimpa binti karatasi mbele ya baba yake, nikaeleza yote, jasho likinichuruzika. Nadhani nilingoja anishukuru.

Aliisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma mpaka mwisho, bila haraka, huku dereva akipiga honi.

“Mwalimu, hapa ku mwisho nilikosa,” alisema, akanionyesha mstari. “Niliandika jua itapasuka kama bombe. Haipasuke, iko kidogo sana. Itavimba, itatupa ngozi yake ya inje, kiisha itabakia kajiwe kadogo kanapoa polepole. Nilisoma tena, njo nikajua.”

Nikainama kuusoma mstari ule.

“Na muliniwekea kumi,” akasema. “Hata sasa hamukusoma.”

Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa vizuri, akapanda lori akaketi juu ya magodoro kando ya mama yake.